TAHADHARI: Magari yaliyochemsha injini yanauzwa Arusha na Moshi yakiwa yamefichwa ugonjwa

Wakuu, kama unatafuta gari la mkononi Arusha au Moshi, iwe IST, Noah, Harrier au Prado, soma hapa kabla hujatoa hata kishika uchumba. Kuna magari ambayo injini zake zilishachemsha, hayakutengenezwa, yamefichwa tu ugonjwa, na yanauzwa kwa bei ya gari zima. Muuzaji wa aina hii ni dalali au mchuuzi anayeokota mabovu kwa bei ya kutupa. Anaosha injini, anapaka tairi dawa ya kung'aa, kisha anaandika kwenye tangazo: "injini haijaguswa, ni kuweka mafuta na kuondoka". Gari litakutembeza vizuri tu Njiro na Kijenge. Siku utakayopakia familia mteremke Same kwenda Korogwe ndipo utakapojua umenunua nini.

Ugonjwa wenyewe uko hivi. Maji yakipungua, hedi ya alumini (kipande cha juu cha injini kinachofunika silinda) hupata moto kupita kiasi ikapinda. Huko kupinda huwezi kukuona kwa macho. Kwa injini ya 1NZ-FE iliyomo kwenye IST nyingi, kinachovumiliwa ni 0.05 ya milimita tu. Ikizidi hapo, gasketi ya hedi (kizibo kati ya hedi na bloku, yaani mwili wa injini) haikai sawasawa: gesi ya silinda inavujia kwenye njia za maji, au maji yanaingia kwenye silinda, au yanachanganyika na oili. Tiba ni kushusha hedi, kuipima, kuisawazisha kwa mashine, kuweka gasketi mpya na kuangalia boliti. Boliti za hedi hiyo hukazwa kwa 29 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza), halafu huzungushwa nyuzi 90, halafu nyuzi 90 nyingine, kwa hiyo huvutika. Fundi anayerudishia za zamani bila kuzipima na kuzikaza kwa mazoea ya mkono anakuandalia safari ya pili gereji.

Mchuuzi hataki gharama hizo. Anachofanya ni kuondoa dalili.

Cha kwanza anatoa themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Hapa msishangae, hata mafundi wasio na nia mbaya wanaitoa na kukwambia nchi yetu ya joto haiihitaji. Si kweli. Injini imetengenezwa ifanye kazi kwenye nyuzi 80 hadi 95 hivi. Ikitembea na baridi inakula mafuta zaidi, na oili haikauki unyevu. Kwa mchuuzi faida ni moja tu: maji yanazunguka muda wote, kwa hiyo gari lililopaswa kuchemsha baada ya nusu saa linachelewa.

Cha pili, feni ya rejeta inaungwa moja kwa moja na swichi ya funguo, au plagi ya sensa ya joto inachomolewa ili feni izunguke bila kukoma. Cha tatu, anamwaga unga au maji ya kuziba matundu kwenye rejeta. Yanaziba ufa kwa muda, yanaziba pia vijia vya rejeta na vya hita. Cha nne ni oili nzito, SAE 50 kwa mfano, kwenye injini iliyotengenezewa oili nyepesi ya 5W-30, ili kelele na moshi vipungue. Na cha tano ni taa za dashibodi: balbu ya injini inatolewa, au inaungwa na taa nyingine ili ziwake na kuzima pamoja.

Halafu hali ya hewa inamsaidia. Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi, na asubuhi za Juni na Julai baridi yake mnaijua. Ukipewa gari saa moja asubuhi, ukazunguka nalo kutoka Sakina hadi mnara wa saa, hutaona kitu. (Kuna upande wa pili ambao wengi hawaujui: kwa mwinuko huo maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mfuniko wa rejeta ndio unaobana presha ili yasichemke mapema, kwa hiyo mfuniko uliochoka unaweza kuchemsha hata gari lenye hedi nzima. Kabla hujalikataa gari kwa sababu linatema maji, badilisha mfuniko ujaribu tena. Ni kitu cha bei ndogo.)

Sasa namna ya kumnasa.

Mwambie muuzaji jana yake kwamba unataka kuliona gari likiwa baridi, asiliwashe. Ukifika weka kiganja juu ya boneti, kisha kwenye injini. Ukikuta joto, ahirisha, rudi siku nyingine. Atakuja na sababu: alikuwa analitoa gereji, alimpeleka mtoto shule. Sikiliza, ondoka. Gari lililopashwa moto limeshakunyima zaidi ya nusu ya majibu.

Likiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta. Usithubutu kulifungua la moto, presha itakuunguza uso. Maji yawe hadi juu, na yawe na rangi ya kulanti (dawa ya kupozea injini), nyekundu au kijani. Maji matupu yenye kutu yanakwambia gari limekuwa likiongezwa maji ya bomba. Utando wa mafuta juu yake, au tope la kahawia lenye chembe zinazometameta ndani ya kopo la akiba, ni oili au ile dawa ya kuziba. Chomoa kijiti cha oili: oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, mazungumzo yameisha. Ukiona utelezi mweupe kidogo chini ya kifuniko cha kujazia oili pekee, usihukumu haraka, maana gari la safari fupi kwenye baridi linaweza kuwa nao. Kijiti ndicho shahidi.

Chungulia kingo ambako hedi inakutana na bloku, na mfuniko wa vali. Gundi nyekundu au ya kijivu iliyochuruzika ovyo, boliti zenye mikwaruzo mipya, maana yake injini ilifunguliwa. Kufunguliwa si dhambi. Dhambi ni kuandika haijaguswa. Omba risiti ya gasketi na ya mashine iliyosawazisha hedi. Kazi ya kweli huacha karatasi.

Kabla ya kuwasha, zungusha funguo hadi taa zote ziwake bila injini kuwaka. Taa ya injini, ya oili, ya betri, ya ABS na ya begi la hewa lazima zionekane. Ya begi la hewa huzima yenyewe baada ya sekunde chache. Taa ya injini ibaki imewaka mpaka injini iwake. Ikiwa haijawaka kabisa, kuna mtu ameingiza mkono humo. Kwa Vitz na Passo nyingi hakuna mshale wa joto, kuna taa ya buluu kwa injini baridi na nyekundu kwa injini iliyozidi moto. Zote mbili zifuatilie: ya buluu ikikaa muda mrefu mno wakati gari linatembea, themostati imetolewa au imekwama wazi.

Washa sasa, AC ikiwa imezimwa. Feni ya umeme haipaswi kuzunguka papo hapo. Ikizunguka tangu mwanzo, uliza nani ameiunga na kwa nini. (Noah na Harrier nyingi zina feni za umeme, lakini Prado na Hilux Surf za dizeli zina feni inayovutwa na mkanda, hiyo itazunguka tu.) Mfuniko wa rejeta ukiwa bado wazi, angalia maji. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa. Mapovu yasiyokoma, yanayoongezeka ukikanyaga mafuta, ni gesi ya silinda. Funga mfuniko, minya paipu ya juu ya rejeta: ikiwa ngumu kama jiwe ndani ya dakika moja au mbili, kabla injini haijapata moto, ni jibu lile lile.

Themostati unaipima kwa kushika paipu zote mbili, kwa tahadhari ya feni. Kwenye injini nyingi ndogo za Toyota iko upande wa paipu ya chini. Basi ya juu itapata moto, ya chini ibaki baridi, halafu baada ya dakika kadhaa ipate joto ghafla. Zikipanda pamoja polepole tangu mwanzo, haimo au imekwama wazi.

Moshi mweupe asubuhi ya baridi ni mvuke, unakatika injini ikipata moto. Usiokatika, wenye harufu tamutamu, ni kulanti inayoungua. Wa buluu ni oili: ukitoka mara moja wakati wa kuwasha tu ni sili za vali, ukitoka kila unapokanyaga ni ringi za pistoni. Mweusi ni mafuta mengi.

Kama gereji unayoiamini ina kile kichupa cha kupimia gesi, kitumie. Kinawekwa mdomoni mwa rejeta injini ikinguruma, dawa ya buluu ikigeuka njano kuna gesi ya silinda kwenye maji. Mashine ya kusoma kompyuta ya gari nayo itakuonyesha joto la maji kwa namba. Gari likiwa kwenye mwendo wa barabara kuu na joto likishuka hadi nyuzi 60 na kitu, umepata themostati iliyotolewa au iliyokwama wazi. Kompyuta ikionyesha kwamba kumbukumbu zote zimefutwa karibuni, huenda kuna kosa lililofutwa kwa ajili yako.

Baada ya hapo ni mlima, na hili dalali hulipinga sana. Ukiwa Moshi, toka saa nane mchana jua likiwa kali, nenda Himo, panda hadi Marangu, AC ikiwa imewashwa na watu wanne ndani. Ukiwa Arusha, teremka hadi Boma Ng'ombe urudi, maana kurudi ndiko kupanda. Lori likikutangulia, usilipite, kaa nyuma yake; mwendo mdogo, gia ndogo na upepo haba ndivyo vinavyopima rejeta. Ukifika, acha injini ingurume dakika kumi. Washa hita hadi mwisho: injini ya moto ikitoa upepo baridi, maji hayafiki kule, ama yamepungua ama vijia vimezibwa. Likae lipoe kabisa, fungua rejeta upime maji yamepungua kiasi gani. Yasipungue.

Injini zenye rekodi mbaya, ziangalie mara mbili. 1KZ-TE ya Prado na Surf hupasuka hedi ikichemsha. 2AZ-FE ya Harrier na RAV4 hung'oka meno ya boliti za hedi kwenye bloku, maji yanavuja nyuma ya injini ambako huoni bila tochi. Nyingi pia zinakula oili. Subaru Forester za EJ25 huvuja gasketi kwa nje, tazama chini pembeni. Land Cruiser za 1HZ zilizotoka kwenye utalii ni injini ngumu, ila ulizia mkanda wa taimingi, na ulale chini na tochi uangalie nyufa za chasisi, kwa sababu rasta (yale mawimbi ya barabara ya vumbi) za barabara ya Serengeti hazimhurumii mtu.

Mengine kwa haraka. Gia boksi ya otomatiki: kutoka N kwenda D au R ishike ndani ya sekunde moja au mbili bila kishindo, na oili yake isiwe nyeusi yenye harufu ya kuungua. Bodi: sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa haishiki kwenye puti, ile lipu ya kuficha bodi iliyobonyea. Mkanda wa kiti uvute hadi mwisho. Tope au doa la maji kwenye ncha yake linakwambia gari lilizama, na Dar magari ya namna hiyo hayakosekani kila mvua za masika. Kilometa usiziamini kwa kuzisoma tu. Tafuta stika za Kijapani za kubadili oili kwenye mlango au chini ya boneti: mwaka wa Heisei (hesabu ya miaka ya Kijapani) ukiujumlisha na 1988 unapata mwaka wetu, kwa hiyo Heisei 22 ni 2010. Stika ikisema kilometa 118,000 mwaka huo na dashibodi leo inasoma 89,000, cheka uondoke. Herufi za namba ya gari, D au E, zinaonyesha lilisajiliwa lini Tanzania, si lilitengenezwa lini.

Kadi iwe halisi, si nakala ya simu. Namba ya chasisi na ya injini uzisome wewe mwenyewe kwenye chuma, uzilinganishe na kadi. Hii inarudi kwenye injini pia: iliyochemka sana mara nyingi hutupwa ikawekwa nyingine, na kama mabadiliko hayakupelekwa TRA, utakwama siku ya kuhamisha umiliki. Faini za trafiki na madeni ya maegesho ya TARURA (wakala wa barabara) yanafuata namba ya gari, yaangalie kabla. Usitume advansi kwa simu kwa sababu "kuna mteja yuko njiani kutoka Karatu". Huyo mteja wa Karatu yuko njiani kila siku.

Malipo yafanyike mbele ya mwenye jina lililo kwenye kadi, akiwa na kitambulisho cha NIDA, na mkataba wa mauziano usainiwe kwa wakili. Mwandikie humo sentensi moja: muuzaji anathibitisha kwamba injini haijawahi kuchemsha wala kufunguliwa, au ilifunguliwa tarehe fulani kwa sababu fulani. Wengi wanaouza magari ya kufunikwa husita hapo hapo kwenye sentensi hiyo, hata kabla kalamu haijatolewa.