Kizibo cha kuyeyuka au vali ya shinikizo?
Kwenye rimu ya gurudumu la ndege kuna boliti ndogo yenye tundu katikati, na tundu hilo limezibwa kwa aloi (mchanganyiko wa metali) inayoyeyuka upesi: hicho ndicho kizibo cha kuyeyuka. Rubani akighairi kupaa na kukanyaga breki kwa nguvu zote, joto huchukua dakika kadhaa kupenya hadi kwenye rimu. Mara nyingi ndege imeshasimama. Ndipo aloi inayeyuka na upepo unatoka kwa kishindo kidogo. Tairi linalala chini badala ya kulipuka.

Vali ya shinikizo haijali joto. Hufunguka upepo unapozidi kiwango, tuseme fundi amejaza kutoka kwenye mtungi wa naitrojeni bila kidhibiti. Hapo ni hodari. Lakini joto hulegeza mpira na rimu, kwa hiyo tairi laweza kupasuka hata kabla vali haijashtuka.

Kwa breki za moto, basi, mimi nipe kizibo, japo kikishayeyuka kimekwisha: tairi huvuliwa, na rimu hukaguliwa. Magurudumu mengine hubeba vyote viwili. Na gurudumu likiwa bado la moto, lisogelee kwa mbele au nyuma, kamwe si ubavuni.