Miezi kumi na minne na Home Assistant kwenye sola ya nyumba yetu, Lamu

Nyumba yetu iko Langoni, mjini Lamu, na ni ya mawe ya matumbawe kama zilivyo nyingi za majirani: kuta zenye unene wa dhiraa nzima, dari za boriti, na juu sakafu wazi ambako zamani palianikwa nguo na papa, na sasa pamepangwa paneli nane za sola za wati 450 kila moja. Chini ya ngazi, mahali penye ubaridi, pana inveta ya kilowati 5, yaani kifaa cha kugeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumika nyumbani, na betri moja ya lithiamu ya volti 51.2 na ampea-saa 100, yaani uniti 5 na kidogo ikiwa imejaa. Betri hiyo ilivushwa kutoka Mokowe kwa mashua, ikashushwa gatini na kumalizia safari kwa mkokoteni wa hamali, kwani vichochoro vyetu havipitishi gari. Nataja taabu hiyo kwa sababu ilinifanya nifikiri mara mbili kabla ya kuagiza betri ya pili, na katika kufikiri huko ndipo nilipoangukia programu ninayotaka kuieleza hapa.

Umeme wa gridi tunao pia, wa kununua tokeni, na inveta huuchukua pale betri inaposhuka hadi asilimia 20. Mke wangu ana friza mbili za kugandisha barafu, ambayo wavuvi huja kuichukua alasiri kabla ya kutoka, na hakuna kitu nyumbani kinachokula umeme kuzizidi hizo. Kwa mwaka mmoja na nusu tangu fundi amalize kazi, niliamini kwamba betri ni ndogo, maana kila ilipofika saa nane au saa tisa za usiku tulikuwa tayari tunatumia tokeni, hata baada ya siku iliyopambazuka na kuchwa bila wingu. Inveta ilikuja na programu yake ya simu, lakini programu hiyo hupeleka takwimu kwenye seva za ng'ambo kwanza, kisha huzirudisha kwangu kila baada ya dakika tano, na bando likiisha au mtandao ukilala, mwenye nyumba hajui lolote kuhusu umeme unaozalishwa juu ya kichwa chake mwenyewe. Jambo hilo lilinikera kuliko bei ya tokeni.

Home Assistant ni programu huria na ya bure, iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013, na tangu 2024 iko chini ya wakfu usio wa kibiashara uitwao Open Home Foundation. Hufanya kazi ndani ya nyumba, kwenye kompyuta yako mwenyewe, na huzungumza na vifaa vya watengenezaji mbalimbali bila kulazimika kupitia intaneti. Mwaka 2021 iliongezewa ukurasa wa nishati unaoonyesha, saa baada ya saa, umeme uliotoka kwenye paneli, ulioingia na kutoka betrini, ulionunuliwa kwenye gridi, na ulioliwa na kila kifaa chenye kipimo. Mimi niliiweka kwenye Raspberry Pi 4, kikompyuta kinachokula wati nne tu hivi, sawa na takriban uniti moja kwa siku kumi. Kikompyuta chenyewe nimekiweka kwenye kidaka kimoja cha ukuta wa ndani, pale bibi alipokuwa akiweka mabakuli yake ya kauri. Mamangu alikitazama siku ya kwanza, akauliza kama ndicho kilichochukua nafasi ya bakuli la bibi, nikamwambia bakuli liko salama kabatini, akanyamaza kwa namna ambayo bado naikumbuka.

Anayetaka kufuata njia hii katika nyumba ya mawe ajue mapema kwamba Wi-Fi haipenyi kuta zetu. Kutoka kidakani hadi chini ya ngazi ni hatua kumi na mbili, lakini katikati pana kuta mbili, na mawimbi yalikuwa yakifika yamechoka kiasi kwamba takwimu zilikatika kila baada ya dakika chache. Niliacha kupambana, nikavuta waya kupitia ua wa ndani, nikaunganisha inveta moja kwa moja na kikompyuta kwa njia ya RS485, ambayo ni nyaya mbili nyembamba za kubebea takwimu, na tangu siku hiyo namba hufika kila sekunde kumi. Plagi janja za friza, yaani zinazopima umeme na kuwaka au kuzima kwa amri, zinatumia Zigbee, mawasiliano yasiyo na waya ambapo kila plagi humpokezea mwenzake ujumbe, na kwa nyumba yenye vyumba vilivyofuatana kama yetu mtindo huo unafaa zaidi kuliko kununua antena kubwa.

Wiki ya kwanza sikuagiza chochote kijiendeshe, nilitazama tu. Mchoro wa siku ya jua ulipanda vizuri tangu saa moja asubuhi, ukakaribia wati 2,700, halafu kwenye saa sita kasorobo ukaanguka ghafla hadi wati 400, nje jua likiwa kali mno. Nilidhani paneli zimeharibika. Kumbe betri ilikuwa imejaa, na kwa kuwa umeme haukuwa na pa kwenda, inveta ilizibana paneli zitoe kile tu kilichokuwa kikitumika. Kila siku, kuanzia saa sita hadi jua lilipoanza kulala, tulikuwa tunamwaga umeme, kisha usiku tunaununua. Upungufu haukuwa wa betri. Friza zilikuwa zinafanya kazi usiku kwa nguvu ileile ya mchana, na barafu yenyewe, ambayo nayo ni akiba ya ubaridi, haikuwa ikihesabiwa kuwa akiba.

Hapo ndipo nilipoanza kuandika amri, na amri yangu ya kwanza ilikuwa aibu. Nilitaka pampu ya kupandisha maji kutoka birika la chini hadi tangi la juu iwake saa nne asubuhi, jua likiwa limeshika, nikaandika 04:00. Mswahili atakayesoma haya ameshaona kosa. Kompyuta haihesabu saa kuanzia mapambazuko kama tunavyohesabu sisi. Kwayo 04:00 ni saa kumi alfajiri. Kwa siku tatu pampu ya hosipawa moja ilinguruma gizani kwa saa moja na nusu ikila tokeni, kwani saa hizo betri ilikuwa imeshafika kikomo chake. Mimi nalala chumba cha juu upande wa bahari, sikusikia kitu. Asubuhi ya tatu mamangu, ambaye chumba chake kinapakana na birika, aliniuliza, "Mwanangu, hiyo pampu yako nayo huamka tahajudi?" Usiku wa nne tokeni ziliisha kabla ya adhana, nyumba ikawa giza, nikafungua mchoro kwenye simu na kuuona mlima mmoja wa wati 900 umesimama peke yake kwenye saa kumi. Sasa nimebandika karatasi kidakani: toa sita au ongeza sita.

Nilipopata akili niliacha kabisa kuamrisha kwa saa, nikaamrisha kwa jua. Pampu huwaka betri ikiwa imefika asilimia 80 na paneli zikiwa zimetoa zaidi ya wati 1,500 kwa dakika kumi mfululizo. Hizo dakika kumi ni muhimu kuliko namba nyingine zote, hasa majira ya kusi, ambapo mawingu madogo hupita juu ya mji mmoja baada ya mwingine na uzalishaji hupanda na kushuka kama mashua kwenye mawimbi. Bila kusubiri, swichi ingewaka na kuzima mara ishirini kwa saa, na hiyo ni njia ya haraka ya kuua mota. Kwa friza niliongeza sharti kwamba ikizimwa isiwashwe tena kabla ya dakika saba, ili kompresa ipate kutulia. Pampu sikuitegemeza kwenye plagi janja, kwa sababu mota inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya kiwango chake cha kawaida. Plagi inaamrisha kontakta, yaani swichi nzito ya sumaku, na kontakta ndiyo inayobeba mzigo. Tangi lina boya, kwa hiyo hata amri ikikosea maji hayamwagiki.

Friza sasa hupewa umeme wote zinaoutaka tangu saa tatu asubuhi hadi magharibi, na huzimwa kuanzia saa nne usiku hadi alfajiri. Zikiwa zimejaa barafu na vifuniko havijafunguliwa, kipimajoto nilichoweka ndani huonyesha kwamba zinatoka kwenye digrii 20 chini ya sifuri na kuamka zikiwa 13 au 14 chini ya sifuri, barafu ikiwa ngumu kama ilivyolazwa. Ikipita 9 chini ya sifuri, zinawashwa bila kuangalia hali ya betri. Kwa mpangilio huo peke yake, betri ileile niliyoiita ndogo hutufikisha asubuhi ikiwa na asilimia 35 au 40, na katika miezi ya kaskazi hupita wiki nzima bila kununua uniti moja.

Kuna jambo moja ambalo lilinichukua muda mrefu kulielewa, nalo ni ile asilimia ya betri. Programu huonyesha inachoambiwa. Mwanzoni inveta ilikuwa inakadiria chaji kwa kupima volti, kwa kuwa waya wa mawasiliano kati yake na betri haukuwa umeunganishwa, na betri za lithiamu za aina ya LiFePO4 zina tabia ya kubaki na volti karibu zilezile kuanzia zinapokaribia kujaa hadi zinapokaribia kuisha. Kwa hiyo nilikuwa naona asilimia 60 saa tano usiku, na saa saba nimeshushwa hadi 20 kwa mkupuo. Amri nzuri iliyojengwa juu ya namba ya uongo ni mbaya kuliko kutokuwa na amri. Waya ulipounganishwa, kidhibiti cha betri chenyewe, ambacho huhesabu mkondo unaoingia na kutoka, ndicho kilichoanza kutoa taarifa, na mchoro ukanyooka. Hata hivyo nacho husahau hesabu betri isipojaa kwa muda mrefu, jambo ambalo hutokea wakati wa masika, basi nimeandika kwamba zikipita siku kumi bila kufika asilimia 100, gridi iruhusiwe kuijaza mara moja. Ni uniti chache ninazozitoa kwa moyo mkunjufu.

Takwimu za kina hufutwa baada ya siku kumi usipobadilisha mpangilio, lakini muhtasari wa kila saa hubaki, na kwa huo nimeweza kulinganisha majira. Lamu iko digrii mbili na kidogo tu kusini mwa ikweta, hivyo pembe ya jua la adhuhuri haitofautiani sana kati ya Juni na Desemba. Kinachopunguza umeme wetu ni mawingu. Siku njema ya Februari hutupa hadi uniti 14, na siku moja ya mvua mwezi Mei tulipata 3. Mchoro pia ulinifundisha kuhusu chumvi. Uzalishaji wa saa sita ulikuwa ukishuka kidogo kidogo bila sababu, nikapanda juu, nikapitisha kidole kwenye kioo nikakilamba. Tangu hapo tunaziosha paneli kwa maji matamu kila wiki mbili, alfajiri kabla hazijapata moto, na kunguru nao, wanaopenda kuja kula mifupa ya samaki juu ya paneli ya mwisho, wamenifanya nijue kwamba kivuli kidogo cha uchafu kinaweza kupunguza umeme wa mstari mzima wa paneli.

Gharama zote, kikompyuta, plagi, kontakta, vipimajoto na nyaya, hazikufika shilingi 30,000, wakati betri ya pili ingezidi laki moja. Muda sikuuhesabu, na ni mwingi. Toleo jipya hutoka kila mwezi, na mwezi mmoja nililipokea bila kusoma maelezo yake, majina ya vipimo vyangu viwili yakabadilika na amri tatu zikawa zinasubiri kitu kisichokuwapo. Kadi ya kumbukumbu nayo ilikufa mwezi wa sita kwa kuandikwa mfululizo, na nakala ya akiba nilikuwa nimeihifadhi kwenye kadi hiyohiyo. Sasa natumia diski ya SSD na nakala iko kwenye kompyuta nyingine. Asiyependa kuketi na mambo ya namna hii usiku baada ya isha, ni afadhali aendelee na programu iliyokuja na inveta yake.

Nyongeza ya mwisho niliifanya kwa amri ya mke wangu, ambaye alikataa katakata kufungua simu kila wavuvi wanapoagiza barafu zaidi ya kawaida. Nilimwekea kitufe kidogo cha betri kwenye mlango wa chumba cha friza. Akikibonyeza, masharti yangu yote ya usiku huwekwa kando kwa saa tatu, friza zikawaka, kisha mfumo ukarudi wenyewe kwenye utaratibu wake. Katika kumbukumbu za programu naona kwamba hukibonyeza hasa bamvua linapopita na maji mafu kuanza, nami bado sijapata amri ya kompyuta inayolijua hilo mapema kuliko yeye.