Suveniri za nje ya Ngome Kongwe, Zanzibar: uzoefu wangu mi mtu wa Lubumbashi

Natoa nyota 4 kati ya 5, na ile moja iliyobaki nitaeleza kwa nini sikuitoa.

Watu wetu wakienda Dar wengi wanaishia Kariakoo, wananunua mzigo, wanafunga maballo, basi, Tunduma, Zambia, Kasumbalesa, nyumbani. Mi safari hii nilipomaliza mambo ya mzigo nikapanda boti mpaka Unguja, ni saa mbili hivi baharini, juu nilikuwa na listi ndefu ya kado, yaani zawadi, za familia na nilikuwa nataka kuona Mji Mkongwe kwa macho yangu. Kila ukiuliza mtu wa kwetu unanunua nini kule, jibu ni moja tu, vitu viko bei kali sana vya watalii. Sikubaliani. Inategemea unagusa nini na unanunua kwa nani.

Vibanda ninavyosema ni vile vya kuzunguka Ngome Kongwe, ile ngome Waarabu wa Oman walijenga baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Iko mbele ya bahari kabisa, unavuka barabara tu uko kwenye bustani ya Forodhani, na pembeni yake ni Beit al-Ajaib ya Sultan Barghash ya 1883, lile jumba ambalo upande wake mmoja uliporomoka Desemba 2020 wakati wa ukarabati. Wauzaji wengine wako na meza nje, wengine wako ndani ya kuta za ngome, afu nyuma yake kuna uchochoro wa Gizenga (ndiyo, jina lile lile la mwanasiasa wetu Antoine Gizenga ambalo kila Mkongo analijua) na humo ni mlango kwa mlango, picha zimetundikwa mpaka juu, shanga, vikoi, vinyago, sumaku za frigo, masanduku madogo yenye njumu za shaba kama milango ya huko.

Nianze na watu wenyewe juu ndo kitu cha kwanza kinaogopesha wageni. "Karibu dada, kuangalia bure!" utaisikia kila hatua mbili. Lakini si watu wa fujo. Ukisalimia vizuri, ukasema asante kaka bado nazunguka kwanza, wanakuacha. Na Kiswahili kinasaidia kweli, hata hiki chetu cha Lubumbashi. Nilipofungua mdomo tu kijana mmoja akasema "wewe Mkongo wewe", na nikaona bei inashuka bila mimi kuomba, juu kwao Mkongo ni mtu wa kununua vingi. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, usinunue kimoja hapa kimoja pale, chagua kibanda ambacho mwenyewe anajibu maswali yako kwa utulivu, weka vitu vyote pamoja mezani, afu ndo muongee bei ya jumla. Mi picha kubwa moja alianza 80,000 shilingi, nilipoongeza ndogo za watoto na bangili tukashikana mahali ambapo yeye alicheka na mimi nilicheka.

Sasa picha. Zile tinga tinga ndo kitu ambacho ningemwambia mtu yeyote anunue pale, ila kwa akili. Mwanzilishi wake Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar 1968, kwa rangi ya mafuta ile ya kupaka baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi, na 1972 akafariki, yaani miaka michache tu lakini kazi yake imelisha watu mpaka leo. Kwenye vibanda utaona simba mmoja yule yule amejirudia meza kumi, hizo ziache. Ndani ya ngome nilikuta kijana amekaa chini na makopo ya rangi mbele yake, anachora kanga, yule ndege, na nukta za mwili hazichori kwa burashi, anachovya ncha ya kijiti kwenye nyeupe anagusa, anachovya anagusa, nukta moja moja, mistari imenyooka utafikiri imepimwa, na hainui kichwa mpaka bawa liishe. Nilisimama pale muda mrefu. Yeye ndo aliniambia nibonyeze kidole kwenye kona ya picha niliyokuwa nimeshika, kidole kikanata kidogo, akasema hiyo bado mbichi dada, ukiikunja leo ukifika kwenu unaikunjua rangi inabaki upande wa pili. Angeweza kuniuzia tu hiyo hiyo. Akanipa nyingine iliyokaa ukutani siku nyingi, akaikunja rangi ikiwa nje na si ndani, juu ukiikunja kwa ndani inapata mikunjo na kupasuka, akaifunga na gazeti. Imefika Lubumbashi haina hata alama. Sisi ni watu wa mji wa wachoraji Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga, ile kazi ya Hangar, shule ya uchoraji iliyoanza 1946, kwa hiyo ndege na samaki waliochorwa kwa subira tunawajua, na yule kijana nampa heshima yote.

Tuje kwenye ile nyota.

Meza ya tatu au ya nne hivi nje ya ngome, naona kijani. Ile kijani. Mikufu, bangili, mayai ya mawe, vikasha, kitembo kidogo, yote malakiti, lile jiwe lenye michirizi ya kijani nyeusi na kijani nyepesi. Mtu wa Katanga, eneo letu la shaba, huwezi kupita pale. Mjomba wangu amekata malakiti Likasi tangu mi mtoto, nimekua naona lile gurudumu linazunguka na maji yanadondoka juu ya jiwe bila kusimama, juu ukikata kavu vumbi lake ni sumu kwa mapafu, na ule udongo wa kijani unaotiririka mpaka kwenye viwiko vya mikono na kukauka huko. Nikamuuliza muuzaji, kaka, hii inatoka wapi? Akasema "hii Tanzania hii dada, Kilimanjaro." Sikumkasirikia, naona ndo alivyoambiwa na yeye. Nikamwambia kaka, hili jiwe ni la kwetu, Likasi, Kolwezi, kule kwenye shaba, malakiti ni mtoto wa shaba, maji yanapita kwenye madini ya shaba miaka na miaka yanaacha hiyo kijani tabaka juu ya tabaka. Akaniangalia, akakaa kimya kidogo, afu akasema ukweli, kwamba ananunua kwa mtu wa jumla Dar na yule anapata mzigo kupitia Tunduma. Tunduma! Barabara ile ile niliyopita mimi, ile ile ya malori ya shaba yanayoshuka bandarini.

Ilinigusa, siwezi kuficha. Njia hii ya Katanga na pwani ni ya zamani sana, Msiri aliyetawala Bunkeya mpaka alipouawa Desemba 1891 asili yake ni Unyamwezi huku huku Tanzania, na meno ya tembo na shaba vya kwetu vilikuwa vinateremka kuja pwani kwa mabega ya watu. Nyumba ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa watumwa na meno ya tembo, bado iko Shangani, ni kutembea kidogo tu kutoka hapo ngomeni, na aliyeingia kule Mkunazini palipokuwa soko la watumwa anajua mabega ya watu yaliishia wapi. Leo jiwe linafika kwa lori, linapendwa, mtalii analipia vizuri, na hakuna hata kakaratasi kadogo kanakosema Katanga. Mtu aliyelala na kikohozi Likasi hayumo kwenye hadithi anayosimuliwa mnunuzi. Hapo ndo nyota yangu imeenda. Si kwa yule kaka peke yake, karibu kila meza ni hivyo, kinyago kinaambiwa ni cha hapa hapa, kitambaa kinaambiwa ni cha hapa hapa, na mnunuzi anaondoka hajui ameshika mkono wa nani.

Na kuna jingine baya zaidi, si yote yalikuwa malakiti. Nilimpigia mjomba pale pale, akasema "Uishike mu mukono, kama iko baridi njo ya kweli." Jiwe la kweli ni baridi na linachukua muda kupata joto la mkono, na ni zito, bangili moja unaisikia kabisa kwenye kifundo. Zile za plastiki ni nyepesi na zina joto tangu mwanzo. Angalia pia michirizi, jiwe halirudii mchoro, ukiona shanga kumi zote zina duara lile lile mahali pale pale, hiyo imemiminwa kwenye kalibu. Nilimuonyesha yule kaka mbele ya meza yake, tukatenganisha pamoja, mikufu karibu yote mizuri, bangili nyembamba nyingi za plastiki. Hakununa. Aliziweka bangili zile upande mwingine na akaziandikia bei yake. Na kwa atakayenunua ya kweli, usiipulizie parfum juu yake, usiioshe na limao wala siki, ni jiwe laini, linakwaruzika na asidi inalila, futa na kitambaa chenye maji kidogo basi.

Vinyago vya mpingo nitasema haraka. Mpingo wa kweli ni mzito mpaka unazama kwenye maji, ule wa uongo ni mti wowote uliopakwa dawa ya viatu, kwa hiyo lowesha leso kidogo sugua chini ya kinyago, leso ikitoka nyeusi rudisha mezani. Viungo pale ngomeni usinunue, vile vipakiti vya kupendeza vya kikapu vimekaa juani, nenda Darajani sokoni, ni kutembea tu, harufu ya karafuu na iliki utaisikia kabla hujafika kwenye meza, na bei ni ya watu wa pale. Zafarani usiguse kabisa, Zanzibar hailimwi, mara nyingi wanachokupa ni maua mengine au manjano. Kanga pia Darajani. Zinauzwa doti, yaani mbili zimeshikana, unakata na kupinda mwenyewe nyumbani, na usome maneno kabla hujampa mama mkwe, kuna zenye maneno makali kweli. Mama yangu mtu wa bikwembe (vitenge) vizito alishika ile kanga akasema nyepesi hii, sasa hivi ndo haivui ndani ya nyumba.

Makombe ya bahari na matumbawe waachieni bahari, na kitu chochote cha gamba la kasa au pembe za ndovu hata ukiambiwa ni cha zamani cha bibi, biashara yake kimataifa imefungwa, mpakani utalia.

Pesa: sisi tumezoea dola kwa kila kitu hata nyanya, ila kule tangu 2025 sheria inakataza kupanga bei na kulipa kwa pesa za kigeni, kwa hiyo badilisha uwe na shilingi, na dola zako ziwe noti mpya zisizo na alama, kwa sababu za zamani zinakataliwa au wanakukata. Wengi wanapokea kwa simu lakini kama laini yako ni ya Kongo tu beba keshi, tena ndogo ndogo, ukitoa noti kubwa asubuhi utasubiri chenji mpaka azunguke vibanda vyote. Na nenda asubuhi kweli, kabla makundi ya watalii hayajashuka, muuzaji ana muda, anataka wa kufungulia, mtaongea vizuri. Jioni watu wote wanahamia Forodhani kula, wachoraji wanafunga, wanabaki wa sumaku.

Kwa yule kaka wa malakiti nimenunua yai moja tu la jiwe. Najua, jiwe la kwetu nimelipandisha boti na basi kulirudisha kwetu, lakini lile yai limekatwa vizuri sana, na nilitaka mjomba aone limefika wapi. Amelishika, amelizungusha, akasema kazi hii ni ya Likasi, akataja hata mtaa. Tangu hapo tumeanza kazi: yeye anakata, binti yake anaandika vikaratasi vidogo vya kufunga kwa uzi, Likasi, Katanga, Kongo, na jina la aliyekata, na yule kaka wa Zanzibar amekubali kupokea bila kuvitoa, tumeongea kwa simu mara kadhaa na anauliza lini. Makaratasi ya forodha nashughulikia mwenyewe. Kama kuna mtu wa Lubumbashi anashuka Dar mwezi ujao na ana nafasi ya kilo chache kwenye mzigo wake, aniandikie tuongee bei ya usafiri.