Samli ya kibuyu sokoni Majengo, Dodoma: samli nimeikubali, machunda yana swali

Nilichukua chupa mbili za nusu lita pamoja na dumu la lita 3 la machunda (maziwa ya mgando yanayobaki siagi ikishatolewa), kwa muuzaji mmoja. Chupa ya kwanza safi kabisa, ina harufu ile ya moshi wa kibuyu. Ya pili haikuiva: kijiko kimoja kwenye kikaango cha moto kikatatarika na kurusha matone. Hayo ni maji yaliyobaki, na samli yenye maji huchacha mapema.

Inarekebishika. Sufuria nzito, moto mdogo, usifunike. Povu hupanda, kisha mlio hupungua; mlio ukikoma kabisa na chenga za chini zikawa rangi ya chai ya maziwa, ipua hapo hapo. Ukichelewa zinaungua, na uchungu wake hautoki tena. Chuja kwa kitambaa kikavu, na chupa nayo iwe kavu. Yangu ilichukua dakika 12 hivi.

Punje chini na mafuta juu si ushahidi wa kuchakachuliwa. Kwa joto la mchana la Dodoma, samli halisi hujitenga hivyo. Kipimo ninachokiamini ni baridi ya alfajiri ya Juni na Julai: samli inaganda chupa nzima, alizeti inabaki majimaji.

Njano nayo inatokana na karotini ya majani mabichi, kwa hiyo ya kiangazi hupauka. Ya nyati wa maji wanaofugwa India na Misri ni nyeupe mwaka mzima, kwa kuwa mnyama huyo hugeuza karotini kuwa vitamini A. Maziwa yake yana mafuta asilimia 7 hadi 8. Ng'ombe wetu wa kienyeji ni 5 hivi, ndiyo maana lita 10 hazitoi hata nusu kilo ya samli. Msishangae bei.

Ila kwa lishe, samli ni mafuta tupu. Kijiko kikubwa kina kalori 120 na ushee. Protini na kalsiamu vimebaki kwenye machunda, ambayo hapa huuzwa kama makombo! Kwa ugali wa uwele hayana mpinzani. Lakini uliza kwanza kama maziwa yalichemshwa kabla ya kugandishwa, maana mabichi yanaweza kuleta brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, na kuganda hakuui vimelea vyote. Ukichemsha yakishaganda, yanakatika.

Muuzaji alijibu bila kuficha: hayakuchemshwa. Lita zote 3 zimeishia kwenye unga wa maandazi.