GTX 1650 au RX 6400: ipi iingie kwenye Dell yako ya mtumba?

Hizi ni kadi za grafiki za gemu: GTX 1650 ni ya NVIDIA, RX 6400 ni ya AMD. Nianze na jibu, maana najua kuna anayesoma akiwa ameshasimama kaunta na winga ameshamshika mkono. Kama una zile Dell OptiPlex au HP EliteDesk za mtumba, i5 ya kizazi cha 3 hadi cha 10, na kadi nene inaenea ndani, chukua GTX 1650. Kama boksi lako ni jembamba na kadi nene haipiti, chukua RX 6400. Kama unahariri video au unarusha gemu laivu, rudi kwenye 1650 na usibishane na mtu. Mwenye mashine mpya kidogo, nitamwambia jinsi ya kujitambua, achukue yenye bei chee.

Swali lenyewe mara nyingi linaulizwa kinyume. Mtu anauliza "kadi ipi kali?" kabla hajafungua mfuniko wa kompyuta yake aone itakaa wapi. Kwa hizi mbili, mashine ndiyo inayochagua kadi.

Kwenye makaratasi ni kama mapacha. GTX 1650 ilitoka Aprili 2019 kwa dola 149, RX 6400 ikaingia madukani Aprili 2022 kwa dola 159. Zote zina GB 4 za memori. Ya NVIDIA inakula wati 75, ya AMD wati 53, na wati 75 ndicho kiasi ambacho sloti ya mazabodi inaweza kutoa yenyewe bila waya wa ziada kutoka kwenye pawasaplai. Ndiyo maana tunazizungumzia hizi na si nyingine. OptiPlex au EliteDesk ndogo za zama hizo zinakuja na pawasaplai ya kati ya wati 180 na 260 hivi, na ndani hakuna ule waya wa pini 6 wa kulisha kadi. Ila angalia vizuri: kuna 1650 zilizoongezwa mbio kiwandani ambazo zina tundu la pini 6 juu yake, na GTX 1650 Super zote zinalo. Hizo ziache dukani. Ukiona mtu anakuuzia na waya wa kuungaunga kutoka kwenye SATA, ule wa kulisha diski, ujue unanunua harufu ya plastiki inayoungua.

Sasa kwenye kiini cha ugomvi. Kadi ya grafiki inaongea na prosesa kupitia njia za PCIe zilizopo kwenye sloti. 1650 inatumia njia 16. RX 6400, ingawa kwa nje ina meno marefu yanayojaza sloti nzima, kwa ndani imeunganishwa njia 4 tu. Ukiichomeka kwenye mazabodi yenye PCIe 4.0, hizo njia nne zinapitisha takriban GB 8 kwa sekunde, na inatosha. Ukiichomeka kwenye PCIe 3.0, toleo la nyuma yake, ambayo ndiyo iko kwenye karibu kila kompyuta ya ofisi iliyotua hapa kutoka Ulaya, zinabaki GB 4. 1650 kwenye sloti ileile inapata karibu 16.

Tofauti hiyo huioni ukiwa umetulia kwenye menyu. Unaiona memori ya GB 4 ikijaa. Kadi inaanza kukopa nafasi kwenye RAM ya kompyuta, na kila inachokopa lazima kipite kwenye ule mlango mwembamba. GTA V ukiiweka kwenye mipangilio ya kati unaweza usijue kitu. Gemu za miaka ya karibuni, ukipandisha ubora wa picha kidogo tu, unakata kona na gari linaganda nusu sekunde, kisha linarukia mbele. Fremu za wastani, yaani picha zinazopita kila sekunde, zinaonekana nzuri kwenye kipimo, lakini mkono wako unajua kuna tatizo. Kwenye PCIe 4.0 kadi hizi zinakwenda bega kwa bega. Kwenye 3.0, 6400 inabaki nyuma.

Utajuaje yako ni ipi? Soma jina la prosesa. i5-4590 ni kizazi cha 4, i5-10400 ni cha 10, na Intel wote hao ni 3.0. Kuanzia cha 11 kwenye mazabodi za kizazi chake ndipo 4.0 inapoanza. Kwa AMD ni Ryzen 3000 au 5000 kwenye bodi ya B550 au X570, lakini chunga zenye herufi G mwishoni kama 5600G, zile bado ni 3.0 hata ukiziweka kwenye bodi nzuri. Mwenye kizazi cha 2, i5-2400 na ndugu zake, huyo yuko PCIe 2.0, na kwake 6400 haifai kabisa.

Hapo ungedhani 1650 imeshashinda. Ngoja tufungue boksi.

Mwenyewe niliwahi kukaa karibu mwezi mzima na kompyuta isiyo na mfuniko sebuleni, feni ikimeza vumbi, kwa sababu nilinunua 1650 fupi, zile za nusu kimo wanazoita low profile, bila kupima. Fupi ilikuwa kweli. Tatizo ni unene. 1650 fupi zinachukua nafasi ya sloti mbili, na kwenye boksi langu ile sloti ndefu imebanana na pawasaplai. Kadi iliingia nusu, ikagoma. Nikajaribu kuichomeka sloti ya pili, feni ikagusana na waya za diski. Mwishowe niliiuza kwa hasara.

RX 6400 fupi, kama zile za Sapphire Pulse na XFX, nyingi zina unene wa sloti moja tu. Zinaingia mahali ambapo 1650 haitaingia hata ukilia. Kwa hiyo kwa mwenye boksi la namna hii ulinganisho wote wa fremu hapo juu hauna maana: kadi inayoenea ndiyo kali. Shusha mipangilio ya picha ili memori isijae, cheza kwa 1080p, maisha yaende.

Kabla ya kutoka nyumbani, chukua bisibisi na rula. Fungua pembeni, tafuta sloti ndefu, hesabu ina nafasi ngapi hadi kizuizi kinachofuata, piga picha kwa simu. Ukifika dukani na picha hiyo muuzaji atakuheshimu. Na uliza kibamba kifupi cha chuma cha nyuma. Kadi fupi mara nyingi inakuja na vibamba viwili, kirefu kimefungwa na kifupi kiko ndani ya boksi, na kwenye kadi za mtumba kile kifupi ndicho kinachopotea. Bila hicho, kadi itaning'inia.

Sasa video. Hapa sina huruma na 6400. AMD waliitengeneza bila enkoda, yaani kile kisehemu kinachokunja video ya H.264 au H.265 ndani ya kadi yenyewe. 1650 inayo. Fikiria mtu wa video za harusi: sherehe Jumamosi, Jumatatu mama wa bibi harusi anapiga simu. Premiere, programu ya kuhariri, ikitoa video kwa kutumia enkoda ya kadi, prosesa yako ya miaka kumi iliyopita inapumua. Ikitegemea prosesa peke yake, unaweka kazi usiku na kuomba umeme usikatike. Kwa OBS, programu ya kurusha laivu, ni vilevile: kurusha gemu laivu huku prosesa hiyohiyo inaendesha gemu ni kuitesa. Kuna njia ya kuzunguka, nayo ni kuwasha grafiki ya ndani ya Intel kwenye BIOS, ile mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, ili ifanye kazi ya enkoda pembeni. Inafanya kazi, lakini si kila BIOS inaruhusu, na ukishaanza kuzunguka hivyo, bora ungenunua kadi yenye kitu hicho tangu mwanzo.

Jambo moja linalowaumiza watu siku ya kwanza: monita. Wengi tuna zile za mtumba zenye VGA tu, ile ya bluu yenye skrubu mbili. Hakuna kati ya kadi hizi yenye VGA. 6400 ina HDMI moja na DisplayPort moja. 1650 nyingine zina na DVI, lakini ni ya kidijitali tupu, kwa hiyo kile kiadapta cha bei ya chai cha kugeuza DVI kuwa VGA hakitaonyesha kitu. Nunua adapta ya HDMI kwenda VGA, ile yenye chipu ndani, siku hiyohiyo ya kununua kadi.

Ukiangukia 1650, kuna swali moja la kumuuliza muuzaji: memori yake ni GDDR5 au GDDR6? Zote zinauzwa kwa jina lilelile. Ya GDDR6 inapitisha GB 192 kwa sekunde, ya GDDR5 inapitisha 128. Bei zikikaribiana, chukua ya GDDR6. Zikipishana sana, usijiumize, weka hiyo tofauti kwenye kipande cha pili cha RAM. Kompyuta nyingi za mtumba zinakuja na RAM kipande kimoja, na ukiongeza cha pili kinachofanana nacho, gemu zinatulia kuliko unavyotegemea.

Nyingine utakazoonyeshwa? RX 580 ya GB 8 ina nguvu kuzipita zote mbili, lakini inataka wati 185 na waya wa pini 8. Ni ya mwenye boksi kubwa na pawasaplai ya kueleweka. Dell nyingi kuanzia 9020 zina plagi ya mazabodi ya pini 8 badala ya ile ya kawaida ya 24, kwa hiyo kubadilisha pawasaplai si kununua tu, kunahitaji adapta. Nyingi za 580 pia zimetoka kuchimba sarafu za kidijitali usiku na mchana, na kuna zilizopunguzwa, za prosesa ndogo 2048 badala ya 2304. GTX 1050 Ti bado ni ngumu, ila tangu mwishoni mwa 2025 haipati draiva mpya za gemu. Intel Arc A380 inavutia, lakini inataka Resizable BAR, mpangilio unaoiwezesha prosesa kufikia memori yote ya kadi kwa mkupuo, kitu ambacho nyingi ya mashine hizi za zamani hazina. GT 1030 haina enkoda, na ile ya memori ya DDR4 ni pungufu vibaya sana mbele ya ndugu yake ya GDDR5. GT 730, mwachie muuzaji aendelee nayo.

Kuhusu kuingizwa mjini. Kadi zilizochakachuliwa zipo: chipu ya kale, jina jipya limeandikwa ndani, Windows inasoma kama ilivyodanganywa. Nenda na flashi yenye GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi. 1650 halisi inaonyesha shaders, zile prosesa ndogo, 896, 6400 inaonyesha 768. Chipu za zamani za NVIDIA zilizobadilishwa jina, programu hiyo huziandika FAKE hapohapo juu. Kisha omba FurMark, programu ya kuikamua kadi, iendeshwe dakika kumi, uangalie joto na usikilize feni. Muuzaji akisema hana kompyuta ya kujaribia, mwambie utarudi akiipata. Akikubali kujaribu, mwombe aandike kwenye risiti jina kamili la kadi, aina ya memori na siku za kurudisha, kwa kalamu, si kwa mdomo.