Kuendesha baiskeli na kundi kwenye changarawe: uzoefu wangu

Wenzangu wanaoendesha kwenye lami huniuliza kuna haja gani ya kulipia msafara wa changarawe wakati njia zipo na baiskeli unayo. Mimi nililipia, nikashiriki, na ninaona ada ile ilikwenda karibu yote kwa watu wawili: aliyetangulia na aliyefunga msafara. Wawili hao wakiijua kazi yao, hata asiye na nguvu nyingi humaliza njia ndefu akiwa na furaha. Wasipoijua, ni heri uende peke yako.

Haya hayakuwa mashindano, na ni vizuri niliseme hilo mapema. Mtu akisikia habari za baiskeli za changarawe siku hizi huwaza Unbound Gravel ya Emporia, Kansas, Marekani, iliyoanza mwaka 2006 na ambayo mbio yake inayojulikana zaidi ni ya maili 200, karibu kilomita 322. Au huwaza Migration Gravel Race ya Kenya inayopita maeneo ya Maasai Mara, au mashindano ya dunia ya changarawe ambayo UCI, shirikisho la baiskeli duniani, iliyaanzisha mwaka 2022. Kule watu wanafukuzana. Msafara niliojiunga nao ulikuwa wa kilomita 80 hivi, changarawe kwa sehemu kubwa, vipande vifupi vya lami vya kuunganisha njia, na mwendo uliopangwa ili watu wafike pamoja.

Usajili ulinipa picha nzuri ya waandaaji. Waliuliza upana wa matairi, namba ya mtu wa kupigiwa simu nikipata ajali, na kama nina maradhi ambayo kiongozi anapaswa kuyajua. Hawakukubali tairi lenye upana chini ya milimita 38, na nawaunga mkono. Tairi jembamba kwenye mawe makali humsumbua mwenye nalo na huwasimamisha wote wanaomfuata.

Udhaifu wao ulikuwa kwenye maelezo ya njia. Kundi la kati, nililochagua, liliandikiwa kasi ya wastani wa kilomita 20 kwa saa, basi. Kasi peke yake haisemi kitu kwenye changarawe. Kilomita 20 kwa saa juu ya changarawe iliyoshindiliwa ni mwendo wa kupiga soga. Kwenye mchanga au mlima wenye mawe yaliyolegea, miguu inawaka moto. Wangeandika jumla ya mita za kupanda na aina ya ardhi kwa kila kipande, mtu angejua anakwenda kwenye nini. Kulikuwa na kipande cha mchanga mzito ambacho hakikutajwa popote, na faili la njia tulitumiwa usiku wa kuamkia safari, wakati hakuna tena nafasi ya kubadili tairi. Kwa huduma ya kulipiwa, hilo silikubali.

Asubuhi, kabla ya kuondoka, kiongozi alipita kwa kila baiskeli akibonyeza matairi kwa kidole gumba. Jamaa mmoja alikuwa amejaza hadi PSI 60 (PSI ni kipimo cha upepo wa tairi) akiamini tairi gumu halipati pancha. Kiongozi alimpunguzia upepo papo hapo huku akimweleza: tairi gumu linaruka juu ya kila jiwe, linakosa mshiko kwenye kona, na mtetemo wote unaishia mikononi na mgongoni. Tairi lenye upepo wa wastani hulimeza jiwe dogo na kuendelea. Ukipunguza kupita kiasi nako, rimu inagonga jiwe na tyubu inapata matundu mawili yaliyokaa sambamba. Mimi nina kilo 70 hivi na matairi ya milimita 42 yasiyotumia tyubu; niliweka PSI 30 mbele na 33 nyuma, na sikuyagusa tena hadi mwisho. Dakika zile za ukaguzi ndizo zilizonifanya niwaamini waandaaji.

Njiani, aliyezoea kundi la lami lazima asahau baadhi ya mazoea yake. Lamini tunabanana, gurudumu la mbele karibu liguse la nyuma la mwenzako, ili tukingwe upepo. Kwenye changarawe ukibana hivyo huoni ardhi, na jiwe ambalo mwenzako amelikwepa linakufikia wewe ukiwa hujui lipo. Tuliagizwa kuacha mita tatu au nne na kutofuatana mstari mmoja, ili kila mtu aione njia yake na vumbi limpite pembeni. Ishara za mkono nazo zina mipaka, kwa kuwa kuondoa mkono kwenye usukani penye mawe ni hatari. Kwa hiyo tulitumia sauti: "shimo kushoto", "gari nyuma", "napita kulia". Mwanzoni kelele zile zinachosha, lakini baada ya saa moja nilikuwa nazitegemea kama macho yangu.

Kwenye mteremko wa kwanza kiongozi alitusimamisha kileleni atukumbushe mambo machache: funga breki kabla ya kona, si ndani yake, viwiko vilegee, nyonga zirudi nyuma kidogo, tazama unakotaka kwenda, maana ukilikodolea jiwe macho utalipanda. Tukashuka mmoja mmoja kwa kuachana. Hakuna aliyeanguka.

Sasa nije kwa mfunga msafara, mtu ambaye ningependa kila mwandaaji amtafute kwa bidii kuliko anavyotafuta mpiga picha. Kazi yake ni kwamba hakuna anayebaki nyuma yake. Mama mmoja kwenye kundi letu alichanwa tairi ubavuni na jiwe lenye ncha. Maji ya kuziba pancha, yanayowekwa ndani ya matairi yasiyo na tyubu, hufunga tundu dogo, lakini kwenye mchano ule yalikuwa yanatoka kwa fujo. Mfunga msafara alijaribu kuchomeka kipande cha mpira, kikatoka. Akafungua tairi, akaweka kwa ndani kipande cha tairi kuukuu alichokuwa amekibeba kwa ajili hiyo, akaingiza tyubu, akajaza upepo. Muda wote huo alikuwa akizungumza na mama yule kwa utulivu, akimwonyesha kila hatua, bila kumfanya ajione amewachelewesha watu. Alikuwa pia na kiungo cha akiba cha mnyororo na kisanduku cha huduma ya kwanza. Kitu kimoja tu hawezi kumbebea kila mtu: kile kichuma kidogo kinachoshika gia za nyuma kwenye fremu. Fremu nyingi zina chake, cha mwenzako huenda kisikuingie, na kikipinda au kuvunjika gia zako zimekwisha. Beba chako.

Sisi wa mbele tulisubiri kwenye njia panda, kama kanuni yao inavyosema: hakuna kuvuka njia panda yoyote hadi wa mwisho afike. Kanuni hiyo misafara mingi huiahidi. Kilichonigusa ni sehemu ya pili ambayo wengi huisahau. Kwa kawaida walio mbele husubiri, hupumzika, hunywa maji, kisha wa mwisho anapofika tu, kila mtu anapanda baiskeli na safari inaendelea. Matokeo yake, aliyechoka kuliko wote ndiye asiyepumzika kabisa, na kila kituo kinamwongezea uchovu. Kiongozi wetu alikuwa anaanza kuhesabu muda wa mapumziko pale wa mwisho anaposhusha mguu chini. Vijana wawili wenye haraka walinung'unika, naye akawaelekeza kwenye kundi la kasi bila kuwakasirikia. Kwa maoni yangu jambo hilo linazidi gari la huduma, vyakula na fulana za kumbukumbu vikiwekwa pamoja.

Gari la huduma lilitukuta mara mbili, na kituo cha pili kilikuwa mbali mno kwa siku yenye jua kali. Mimi hupanga nusu lita ya maji kwa saa, zaidi joto likizidi, na chupa zangu mbili za mililita 750 zilitosha kwa shida. Waliokuja na chupa moja waliteseka. Kula nako kusisubiri njaa. Gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa ni kiwango kinachojulikana kwa safari ndefu, na kwenye njia ya mitikisiko ni afadhali upate kitu cha kutafuna mahali tambarare kuliko kuhangaika na mfuko ukiwa mteremkoni. Mapumziko ya katikati nayo yalikuwa marefu kupita kiasi, miguu ikapoa, na kilomita zilizofuata zikawa nzito kwa wote.

Simshauri mtu aliyejifunza baiskeli majuzi kuanza na umbali huu. Lakini anayeweza kukaa kwenye tandiko kwa saa tatu, ana breki nzuri na matairi ya upana unaofaa, ajiunge. Kabla ya kulipa aulize nani anafunga msafara, amebeba vifaa gani, kundi lina watu wangapi, na mapumziko yanaanza kuhesabiwa lini. Kundi letu lilikaribia watu 20, na naona huo ndio mwisho. Likizidi hapo, sauti za onyo hazifiki nyuma.

Nimewaandikia waandaaji kuhusu mchanga usiotajwa, faili lililochelewa na kituo cha maji. Walijibu kwamba safari ijayo ramani itatumwa wiki moja kabla, ikionyesha aina ya ardhi kipande kwa kipande. Nimeshajisajili, kundi lile lile la kati.