Kapasita za koili yangu: chupa za bia, kauri, kisha polipropilini

Koili yangu ya Tesla, mtambo wa kupandisha volti hadi cheche ziruke hewani, iko uani kwetu Shangani, Mtwara. Transfoma ni ya bango la neoni, volti 9,000, miliampea 30. Bomba la plastiki na waya havikunisumbua. Kapasita, vile vifaa vya kuhifadhi chaji na kuitoa ghafla, ndizo zilizonitoa jasho.

Nilianza na chupa 14 za bia zenye maji ya chumvi, maana chumvi huku si kitu cha kutafuta. Juu mafuta ya kupikia kidogo, nje foili, zote ndani ya beseni. Kila moja ilipima chini kidogo ya nanofaradi moja (kipimo cha uwezo wa kuhifadhi chaji). Zikafyatua cheche za shubiri moja, nikafurahi kama mtoto. Ila ukizima taa unaona mwanga wa zambarau shingoni mwa chupa, umeme unavuja hewani. Upepo wa bahari ukileta unyevu, ndiyo kabisa. Na mama akadai beseni lake.

Nikaagiza zile za kauri, duara za buluu zilizoandikwa 15KV, bei chee. Hapo ndipo nilipoliwa. Dakika ya kwanza cheche safi, ya pili zinafifia: kauri ya aina ile ikipata joto uwezo wake hushuka, na mapigo ya sehemu mbili za koili hayalingani tena. Nilizima, nikaondoa chaji, nikagusa moja: ya moto kama kikombe cha chai. Siku ya tatu ikapasuka pa! kama korosho ya ganda motoni.

Fundi redio mmoja akanipa kapasita ya makrowevu. Nikamrudishia. Ile ni ya umeme wa hezi 50, haikuundwa kwa mapigo ya haraka ya mwanya wa cheche, pengo ambalo chaji ya kapasita huliruka.

Sasa natumia kapasita za kampuni ya Cornell Dubilier, namba 942C20P15K, filamu ya polipropilini (aina ya plastiki), kila moja maikrofaradi 0.15, yaani nanofaradi 150, na volti 2,000 za DC. Kumi kwa mfululizo zinanipa nanofaradi 15 na volti 20,000. Ziada hiyo ya volti unaihitaji, kwani volti 9,000 za transfoma kilele chake hufika kama 12,700. Tena kwa hezi 50 transfoma hii huingia mwangwi na kapasita ya nanofaradi 10.6 hivi, yaani husukumana kama bembea; ukikaa hapo hapo volti hujipandisha hadi kitu kiungue. Ndiyo maana nikapita hadi 15.

Zilipofika nilipima moja moja, kwa kuogopa feki; zote zilikuwa ndani ya asilimia 10 inayoonyeshwa na herufi K. Kila moja nimeipachika rezista ya megaohmu 10 ya volti kubwa ili imwage chaji taratibu, na bado sigusi kitu kabla ya kuunganisha ncha zake mbili kwa waya ulio kwenye fimbo ya plastiki. Chaji iliyobaki humo inaua.

Cheche sasa nusu mita. Baada ya robo saa, kapasita baridi.

Kapasita hizi nazipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeinyima kwa bei: kumi pamoja na usafiri zilinila zaidi ya laki na nusu, na madukani hapa sikuipata hata moja. Zilikuja na basi kutoka Dar.